Gari Isiyokula Oili

Mwanangu Rayya,

Salamu zangu nazitanguliza kwenye karatasi, maana kesho asubuhi ya safari yako sitapata nafasi ya kuzitoa. Nyumba itajaa watu, na mie nikizungukwa na watu huanza kusema mambo ya vitumbua na mifuko, lile lililonileta nikalisahau. Sasa hivi wewe uko kwa jirani unatiwa hina, vicheko vyenu navisikia mpaka hapa. Babako yuko nje anapangusa vioo vya gari kama kwamba kesho anakwenda kuoa. Nduguyo Hilali kalala na kiatu kimoja mguuni. Nimeona bora nikae niandike.

Khabari za nguo, za chakula, za kuamka na kulala, nshakwambia mpaka umechoka, na mjomba wako huko Kuwait naye atakwambia yake. Hayo nayaacha. Nataka kukuhadithia ile gari nyeusi ya Sheikh Mubarak. Utasema unaijua. Unaijua siku yake moja tu, ile ya wadi. Yaliyotangulia hukuambiwa kwa sababu ulikuwa mtoto, na yaliyofuata hukuambiwa kwa sababu mie nikiona haya.

Tulipofika hapa Matrah kutoka Unguja babako alikuwa mtu wa meza. Alikuwa karani wa forodha, kanzu yake ikipigwa pasi mpaka unadhani itasimama peke yake. Hapa hapakuwa na meza ya kumpa. Kiarabu chetu kilichekwa sokoni. Nikiuliza bei ya vitunguu, wauzaji wanaitana waje wasikilize. Lakini babako alijua kuendesha gari, na wakati ule Matrah watu wa kujua jambo hilo walikuwa wachache, kama zilivyokuwa chache gari zenyewe. Sheikh Mubarak, mfanyabiashara wa mchele na nguo, alikuwa na gari kuukuu, ya tangu kabla ya vita vikuu, ina madigadi mapana kama masikio ya ndovu na ubao wa kukanyagia kila upande. Akampa babako kazi ya kuiendesha, kumpeleka na kumrudisha baina ya duka lake la Matrah na shamba lake la mitende Bawshar. Pamoja na kazi akatupa vyumba viwili nyuma ya ghala. Uelewe basi: gari ile ikisimama, na sisi hatuna pa kulala.

Babako aliijua gari kuanzia usukani kuja nyuma. Yaliyo chini ya boneti hayakuwa yake. Yalikuwa yangu, na hilo alilijua yeye na mie tu. Babu yako, baba yangu mie, alikuwa fundi wa magari Ng'ambo ya Unguja mjini, kazi akiifanyia uwani kwetu. Mie ndiye niliyekuwa nikimpokeza spana, mpaka nilipokuwa mwari, mama akasema basi, huyu akae ndani. Nikakaa ndani, lakini masikio hayakukaa ndani. Nilikuwa najilaza chumbani nasikia injini inakohoa uwani, na najua kama kinachokosekana ni moto au ni petroli. Baba akijua kuwa najua. Wakati mwengine akipita dirishani akiuliza kwa sauti ndogo, "Zuwena, unasemaje?" nami nikimjibu, na wateja wake hawakujua hata siku moja.

Kaskazi yote, ambayo huku ndiyo miezi ya baridi, gari ilikwenda vizuri. Joto lilipoingia ikaanza kuzimika. Si kila mahali. Kwenye njia tambarare ilikuwa inakwenda kama bibi harusi, lakini ikifika kwenye mwinuko, pale unapotoka Matrah kuelekea Ruwi, inakohoa, inajivuta, inakufa. Kila mtu alikuwa na jawabu moja: joto. Petroli inachemka kwenye bomba, wakasema, ndiyo inakuwa mvuke, haipiti. Wakamfundisha babako kuchukua gunia, kulitosa maji, kulifunika juu ya pampu na kungoja. Na kweli, ukifanya hivyo gari inawaka. Babako akafurahi. Akawa haondoki nyumbani bila gunia lake na mtungi wa maji.

Mwanangu, lile gunia ndilo lililotupoteza. Si kwamba joto halifanyi hivyo, linafanya. Lakini gari ile ingeliwaka hata bila ya gunia, kwa sababu ukingoja, petroli kidogo inapata wakati wa kujaa kwenye kabureta, na injini inakwenda tena kwa hiyo kidogo mpaka iishe. Kilichokuwa kikisaidia ni kungoja. Maji yalipewa sifa ya bure. Nilipokuja kulifahamu hilo nilicheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka, maana nilikumbuka mambo mangapi nimeyatibu kwa gunia maishani mwangu.

Siku moja babako akaja kula, uso umemng'aa. "Mama Rayya," kasema, "gari hii nzee, lakini haili oili hata kidogo. Kila nikichomoa kile kijiti cha kupimia, oili imejaa. Leo naona hata imezidi ya juzi!"

Nikamtizama. Oili ya injini hupungua au hukaa pale pale. Haizidi. Haina pa kutokea. Na mimi nilikuwa na ushahidi wangu mwengine, kwa sababu nguo zake nikifua mwenyewe. Madoa ya oili kwenye dishdasha lake siku za mwanzo yalikuwa yanang'ang'ania, unasugua mpaka vidole vinachubuka. Siku zile yakaanza kutoka kwa sabuni kidogo tu, na yananuka petroli.

Ngoja nikueleze, si kigumu. Tangi la petroli liko nyuma, chini. Kabureta, pale petroli inapovutwa na injini, iko mbele, juu. Petroli haipandi kwa hiari yake, lazima isukumwe, na msukuma ni pampu. Ndani ya pampu mna utando kama ngozi ya ngoma, unapanda na kushuka. Utando ukichanika, mambo mawili yanatokea kwa pamoja: msukumo unapungua, kwa hiyo gari inashindwa na mlima, na petroli inapenya pale ulipochanika, inateremkia kwenye oili ya injini. Ndiyo maana oili "haikulika". Babako alikuwa akiisifu gari kwa ugonjwa wake.

Nikanyamaza.

Nilinyamaza kwa mapenzi, au ndivyo nilivyojiambia. Usiku mmoja kabla ya hapo alinambia, "Zuwena, nimekuwa mtu wa kuchekwa kila ninapofungua mdomo. Ndani ya gari tu ndiko ninakojua ninachofanya." Sasa mie nende nikamwambie hata huko hujui? Nikasema, acha, ataona mwenyewe. Nikazidi kufua. Kila doa likitoka upesi nainusa nguo, na jioni namuuliza, "Gari khabari?" naye ananijibu, "Alhamdulillahi, haili oili."

Mtu akimeza neno muda mrefu halikai tumboni likatulia. Linachacha. Siku gari ilipozimika na Sheikh Mubarak ndani yake, pamoja na mgeni wake wa heshima, ikawabidi washuke watembee juani, Sheikh alikuja mpaka uwani kwetu. Wakasimama pale wanaume watatu wanne. Akamwambia babako, "Seif, labda nimtafute dereva mwengine. Gari hii ilikuwa nzima nilipokupa."

Mimi niko nyuma ya pazia, tumbo la Hilali liko mbele yangu, miguu imevimba. Nikapiga kelele, kwa Kiarabu changu kile kile cha kuchekwa: "Pampu imekufa! Oili yote ni petroli! Hata kipofu angeijua kwa pua, yeye anamwagia maji!"

Kisha mmoja akacheka, akauliza, "Seif, kumbe dereva ni mkeo?" Na wote wakacheka, hata Sheikh.

Nilisema kweli, Rayya. Kila neno lilikuwa kweli. Nilimuona babako kwa upenyo wa pazia, kainamisha kichwa, anakunja na kukunjua ncha ya kilemba chake. Siku zilizofuata alikula akiwa kanipa bega, na gunia la maji akawa analitosa mara mbili badala ya moja, kama mtu anayegombana na mtu asiyekuwepo. Nilikuwa nimemfungia njia ya kuniamini. Angefungua pampu ile, angekuwa kafungua kicheko cha wale watu.

Kama kuna siku umejiuliza kwa nini wakati ule nikakuchukua tukenda kukaa Bawshar kwenye shamba la Sheikh, na babako akabaki Matrah, basi ni hivyo. Tuliwaambia watu kuwa ninafuata ubaridi wa falaji, ule mfereji wa maji wa shamba, kwa ajili ya tumbo. Ubaridi ulikuwepo, lakini niliufuata kwa sababu ya lile bega.

Siku ya wadi unaikumbuka kwa macho ya mtoto. Nikuambie kwa yangu. Uchungu ulinianza alfajiri. Bibi Shamsa, mkunga wa pale, alinipapasa, akanyamaza kidogo, akanipapasa tena. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, kwa hiyo kunyamaza kwake kulinitisha. Akasema, "Mtoto kakaa upande. Mimi huyu siwezi. Apelekwe hospitali Matrah." Bahati njema babako alikuwa kafika asubuhi ile kuchukua tende za Sheikh. Tende zikateremshwa, nikapakiwa mie. Bibi Shamsa akapanda pamoja nami, na wewe ukaingia bila kuambiwa, ukanishika kichwa.

Mara ya kwanza gari ilizimika karibu, tukaona ni kawaida. Gunia, maji, kungoja, ikawaka. Mara ya pili ilizimika mbele kidogo. Mara ya tatu tulikuwa ndani ya wadi, lile bonde la mto mkavu, mawe pande zote, jua liko juu ya vichwa, na mbele yetu mwinuko mwengine wa kupandia kwenda Ruwi. Mtungi wa maji ulikuwa umekwisha. Nilimsikia babako anapiga hendeli ya kuwashia injini, anapumua, anapiga tena. Kisha akaacha. Nikafumbua macho, nikamuona kasimama dirishani kwangu. Jasho linamtiririka mpaka kwenye ndevu.

"Zuwena," kaniita. "Nambie."

Mimi nimeolewa na babako, nimepewa na yeye dhahabu, nimepewa watoto. Sijapata kupewa kitu kama neno lile. Alilisema mbele ya Bibi Shamsa, mbele yako, na sauti yake haikuwa na haya wala ghadhabu.

Nikamwambia, "Fungua bomba pale linapoingia kwenye kabureta. Weka kopo chini yake. Piga hendeli. Petroli inarukaje?"

Akenda. Nikasikia hendeli. "Hairuki," akasema. "Inadondoka."

"Inadondoka kama bomba bovu au kama machozi?"

"Machozi."

Uchungu ukaja, ukaondoka. Bibi Shamsa anasoma, wewe unanipepea kwa ncha ya mtandio. Nikasema, "Sasa chomoa kijiti cha oili. Usikitizame. Kinuse."

Akakinusa, akakinusa tena. Kisha akasema pole pole, "Petroli tupu. Ulijua tangu lini?"

"Tangu uliposema haili."

"Na hukunambia."

"Nilikwambia vibaya," nikamjibu. "Kabla ya hapo sikukwambia kabisa."

Hapakuwa na wakati wa zaidi ya hayo. Nikamkumbusha kitu nilichomuona babu yako akikifanya kwa gari iliyokufa barabarani: kama pampu haiwezi kupandisha petroli, basi petroli iwekwe juu iteremke yenyewe. Tulikuwa na bati la petroli la akiba na mpira wa kunyonyea. Bati likae juu kuliko kabureta, mpira utoke kwenye bati uingie kwenye kabureta, na mtu alishike lisitikisike wala lisimwagike, maana injini ni ya moto na petroli ikimwagikia pale tutawaka sote.

Babako akasema, "Oili ikiwa nyepesi hivi, nikiupanda mlima ule injini itakufa."

Bibi Shamsa akamwambia, "Na mkeo?"

"Na ife injini," akasema babako. Akaunyonya ule mpira, petroli ikamjaa mdomoni, akatema, akauchomeka. "Nani atashika bati?"

Ukasema, "Mie."

Bibi Shamsa akapiga kelele, mtoto wa kike, ataanguka, ataungua. Babako akanitizama mie. Sote wawili tulijua kuwa hapakuwa na mtu mwengine. Yeye ana usukani, Bibi Shamsa ana umri wake, na mie hali yangu ile. Nikakwambia, "Kaa juu ya digadi, jifunge na mtandio kwenye taa. Usilishushe hata mkono ukichoka."

Hukulishusha. Petroli ilikuwa inakuteremkia mikononi, jua linakuunguza, na kila jiwe gari inalopanda nakuona unayumba kisha unarudi. Nilikuwa naona mgongo wako tu kupitia kioo. Nilisahau uchungu wangu kwa kuuhesabu mgongo ule, kama upo au umeanguka. Tulipanda mwinuko, tukapita Ruwi, tukateremkia Matrah, na mlangoni kwa hospitali babako ilimbidi akukunjue vidole kimoja kimoja kwa sababu vilikuwa vimekataa kufunguka. Ngozi ya mikono imebabuka. Hilali alizaliwa siku ile ile, mzima, ana sauti kama ya muadhini, na watu wote wakaja kumtizama yeye.

Hayo unayajua. Haya yanayofuata huyajui.

Sheikh Mubarak alikuja hospitali. Sharti niseme haki yake: aliuliza kwanza mtoto, akauliza mama, kisha ndipo akauliza gari. Injini ilikuwa inagonga kwa ndani kama mtu anapiga nyundo. Babako akamwambia yote, hakuficha kitu, akasema, "Mke wangu aliijua, mimi sikutaka kusikia. Gari nimeiharibu mimi." Sheikh akakaa akazungusha tasbihi yake. Akasema, "Mimi pia nilicheka." Akaagiza gari ikatengenezwe kwa Usta Dilmurad, yule fundi Mbalushi mwenye karakana karibu na soko, na babako abaki kazini.

Usta akafungua injini, akabadilisha vilivyokatika. Pampu mpya ya gari ile haikupatikana, akatia ya lori, mpya, iliyolingana matundu. Gari ikawaka. Lakini ikawa inatoa moshi mweusi, inanuka, petroli inachuruzika kwenye kabureta. Sasa wakati huo mie nshakuwa mtu mashuhuri. Mke wa Seif, anayejua gari kwa kunusa nguo! Wanawake wakija kuniona mzazi wananiuliza khabari za gari za waume zao. Nikauonja utamu wa hilo, mwanangu, sikufichi. Babako aliponiuliza, sikwenda kuitizama gari, sikuuliza maswali niliyouliza siku ya wadi. Nikajibu nimekaa kitandani, Hilali kwapani: "Sindano ya kabureta, ile inayofunga petroli isizidi, imelika. Abadilishe sindano."

Babako akenda akasema hivyo hivyo, kwa fakhari. Usta akataka kupima kwanza. Alikuwa na geji yake, saa ndogo yenye mshale, inayopachikwa kwenye bomba kuonyesha pampu inasukuma kwa nguvu gani. Babako akamwambia hapana haja, mke wangu kashasema. Wakabadilisha sindano. Wakaiwasha, wakaiacha iungurume muda. Petroli ikachuruzika ile ile, ikaingia kwenye bomba la moshi lililokuwa jekundu kwa moto, na ukalipuka moto ukamkamata babako mkono kuanzia kifundo mpaka karibu na kiwiko. Usta akauzima kwa mchanga.

Ndipo wakapachika geji. Mshale ukapanda, ukapita pale unapotakiwa kusimama, ukazidi kupanda. Pampu ya lori ilikuwa na nguvu mno kwa gari ile ndogo. Ilikuwa inailazimisha kabureta kunywa hata ikikataa. Kabureta haikuwa na kosa, sindano haikuwa na kosa. Usta akatia gasketi nene baina ya pampu na injini, pampu ikakaa mbali kidogo, msukumo ukapungua, mshale ukarudi mahali pake. Kazi ya muda mdogo. Ingefanywa mwanzo, mkono ule usingeungua.

Lile kovu ulipomuuliza babako, alikwambia ni mvuke wa maji ya injini, akifungua kifuniko. Alimwambia hivyo Sheikh. Alimwambia Usta asitangaze. Alinambia hivyo hata mie, na nikaamini, mpaka mke wa Usta aliponihadithia kwenye arusi moja akidhani najua. Nilirudi nyumbani nikamuuliza babako kwa nini. Alikuwa anakula. Akasema, "Walikuwa wameanza kukuheshimu. Nani mie nikuvunjie?" Akaendelea kula.

Mie nilimtoa mbele ya watu kwa jambo la kweli, yeye akanisitiri kwa jambo nililokosea. Miaka imepita na bado nikimpakulia wali nampakulia ukoko ulio bora, na hajui kwa nini.

Sasa nije kwako.

Ulipoleta khabari kuwa unataka kwenda Kuwait kusomea uuguzi, mwaka huu mambo yalipofunguka na ruhusa za safari zikaanza kupatikana, nilikataa. Unakumbuka sababu zangu. Nilisema mbali. Ulipoonyesha kuwa mjomba yupo, nikasema watu watazungumza. Ulipoonyesha kuwa binti wa fulani kashakwenda, nikasema kifua chako hakipendi vumbi la kule. Kila ukijibu moja nnakuletea jingine. Ukalia, ukaacha kuniuliza, ukawa unapita na vyombo bila kunitizama. Nikalijua lile bega.

Babako alinijia jikoni. Hakunigombeza. Akakaa juu ya kibao cha mbuzi, magoti yamemfika kidevuni, akaniuliza, "Zuwena, unachokiogopa ni kitu gani khasa?"

Nikataka kumtolea zile sababu. Nikaona zote ni maji ya gunia. Mchuzi ukashika chini, nikauepua, nikamwambia: "Naogopa atakwenda aone kuwa hanihitaji."

Akafikiri. Akasema, "Tangu siku ile ya wadi hakuhitaji. Amekaa na sisi kwa kupenda."

Sikuwa nimelifikiria hivyo. Nilikuwa nikiihesabu siku ile kuwa siku ya Hilali, na siku ya babako na mie. Kumbe ilikuwa siku yako. Ulipokwisha kutiwa dawa pale hospitali, mikono imefungwa vitambaa, ulikuwa unamfuata muuguzi aliyekufunga kila anapokwenda, unamuuliza hiki nini, na kile cha nini. Nilikuita urudi ukae karibu yangu. Nakumbuka nilikuita mara nyingi. Na hata siku moja, Rayya, tangu siku ile mpaka leo, sijakwambia ahsante. Nilimshukuru Mungu, nilimshukuru Bibi Shamsa, nilimpelekea Sheikh sinia ya halua. Wewe nilikuona wangu, na mtu hamshukuru mkono wake mwenyewe. Basi ahsante, mwanangu. Ahsante kwa maisha yangu na ya nduguyo.

Sina wasia mwengine mkubwa. Utakutana na watu wenye jawabu kabla ya kupima, na siku nyengine mtu huyo utakuwa wewe, khasa baada ya kusifiwa. Utakutana na neno la kweli linalokuwasha ulimi. Tizama kwanza nani yuko uwani. Na ukiniandikia barua kuwa u mzima na huna unalohitaji, na iwe kweli. Ikiwa si kweli, niandikie isiyo nzuri. Mimi ni binti wa fundi, sitishwi na ubovu. Kinachonitisha ni kuambiwa haili oili.

Nasikia unaagana na majirani, unakuja. Acha nimalize.

Kesho babako atatupeleka kiwanja cha ndege, na mie nitalia. Najijua. Nitaanza ndani ya gari na nitazidi utakaposhuka, na pengine nitakushika nguo mbele ya watu, na shangazi zako watasema, masikini, mama hakuridhia. Wewe unayenijua usinisome vibaya. Machozi yale si katazo, na mkono utakaoshika nguo yako si wa kukuzuia. Nimeridhia kwa moyo mmoja, nimeliandika hapa nikiwa na akili zangu zote na macho makavu. Nitakaposhindwa kukuachia, nikunjue vidole, taratibu, kimoja kimoja, kisha panda ndege.

Mamako,
Zuwena